Ukiwashwa Ukitokwa Jasho, Tazama Saa Kabla ya Kupaka Dawa

Ukimwambia mtu kwamba jasho linakutoa vipele, jibu ni lilelile: oga mara nyingi, paka poda, vaa pamba. Si ushauri mbaya, ila unachukulia kwamba vipele vyote vinavyokuja na jasho ni tatizo moja. Nimeishi na aina moja kwa miaka mingi, nimemuuguza mtoto mwenye aina nyingine, na dawa ya mmoja haikuwa na kazi yoyote kwa mwenzake. Kwa hiyo, kabla hujanunua kitu, chunguza mambo mawili: vipele vinakaa kwa muda gani, na vinatokea sehemu gani ya mwili.

Nianze na vyangu, maana ndivyo ninavyovijua kwa undani. Vinakuja haraka na kuondoka haraka. Nikipanda ngazi kwa kasi, nikioga maji ya moto, nikila chakula chenye pilipili kali, au hata nikipandwa na hasira, ndani ya dakika chache kifua na mikono huanza kuchoma kana kwamba nachomwa na sindano ndogondogo. Hapo huibuka vivimbe vya milimita 1 hadi 3, kila kimoja na duara la wekundu. Nikitulia mahali penye ubaridi, mara nyingi havimalizi saa moja, na ngozi hubaki safi kabisa. Hii ni aina ya urtikaria (vivimbe vya ngozi vinavyowasha, vinavyoibuka na kutoweka upesi) inayoamshwa na joto la mwili kupanda, nayo huwapata zaidi vijana. Ndiyo maana wengine huona vipele kabla hata hawajalowa jasho.

Kwa kuwa vinatoweka upesi, utafika kwa daktari ukiwa huna cha kumwonyesha. Vipige picha vikiwa vimetoka, na uandike ulikuwa unafanya nini wakati huo. Picha hizo zilinisaidia kuliko maelezo yangu yote.

Krimu za kupaka hazisaidii hapa. Vivimbe vimeshaondoka kabla hazijafanya kazi. Kinachosaidia wengi ni dawa za mzio za kumeza zisizoleta usingizi sana, kama setirizini au loratadini. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 10 mara moja kwa siku, na hufanya kazi vizuri zaidi zikitumiwa kama kinga kuliko zikimezwa mwili ukiwa tayari unawaka. Daktari anaweza kukuongezea kipimo, lakini hilo ni uamuzi wake, usijipandishie mwenyewe. Zile za zamani, kama klorfeniramini, hutuliza pia, ila zinalevya kwa usingizi. Ukizimeza usishike usukani.

Na usiache mazoezi. Mimi huanza taratibu ili joto lipande polepole. Baada ya vivimbe kutoka, ngozi ya baadhi yetu hupata kipindi cha mapumziko ambacho hata ukitokwa jasho hakitokei kitu, na kwa wengine kipindi hicho hufika karibu siku nzima. Wapo wanaokitumia makusudi kwa kufanya mazoezi mepesi kila siku. Lakini ikiwa pamoja na vipele unavimba midomo, unapumua kwa shida, unasikia kizunguzungu au unazimia, hilo si suala la ngozi tena. Acha unachofanya na utafute huduma ya dharura mara moja. Ukishapona, usirudi kwenye mazoezi mazito kabla ya kuonana na daktari.

Vipele visivyoondoka upesi kama vyangu, vikakaa siku mbili tatu, vikajazana shingoni, mgongoni, kifuani au pale nguo inapobana, huenda ni harara. Hapa vijia vya jasho vimeziba, jasho linavujia ndani ya ngozi na kuikera. Watoto wachanga huipata kwa urahisi kwa sababu vijia vyao havijakomaa, nasi tunawafunika nguo juu ya nguo tukidhani wanasikia baridi. Mgonjwa mwingine ni mtu aliyelala kitandani muda mrefu, mgongo ukiwa umegandamana na shuka.

Dawa ya harara ni ubaridi. Punguza nguo, tafuta upepo, oga maji ya baridi kiasi, kausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Losheni ya kalamini hutuliza mwasho. Kitu cha kuepuka ni mafuta mazito ya mgando, ambayo wengi hukimbilia kuyapaka wakiona ngozi imekasirika: yanaziba vijia ambavyo tayari vimeziba. Poda nayo siipendi. Ikikutana na jasho hugeuka uji kwenye mikunjo, na vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto. Jihadhari pia ikiwa harara imetapakaa mwili mzima, kwa sababu ngozi iliyoziba haitoi jasho sawasawa na mwili unaweza kuzidiwa na joto.

Kuna kundi la tatu, la mikunjoni: chini ya matiti, kwapani, kinenani, kati ya vidole vya miguu. Hapo jasho halikauki, ngozi inalainika na kuchubuka, kisha fangasi huingia. Ukiona ukingo uliojichora wazi na unaopanuka siku hadi siku, au vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni ya eneo lililochubuka, shuku fangasi. Krimu ya klotrimazoli hufanya kazi, ila endelea nayo kwa muda ulioelekezwa hata kama ngozi inaonekana imepona. Wengi huacha mwasho ukiisha, na fangasi hurudi. Usipake krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe, isiyoua fangasi) peke yake mahali hapo. Mwasho utatulia, wekundu utafifia, huku fangasi ikisambaa chini kwa chini. Hata zile krimu za mchanganyiko zinazosifiwa kuwa zinatibu kila kitu huwa na steroidi ndani, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye boksi.

Wenye ukurutu wana habari yao. Chumvi ya jasho huwachoma kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Suuza jasho mapema kwa maji tu au sabuni isiyo na manukato, kisha paka losheni ya kulainisha ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo.

Maelezo mengi ya afya yanasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliozidi au rangi ya kijivujivu. Pitisha kiganja, mara nyingi utahisi ukwaruzi kabla hujauona. Madoa meusi yanayobaki baadaye huchukua wiki au miezi kufifia, na kukuna ndiko kunakoyazidisha.

Kuhusu nguo: pamba ni nzuri ikiwa kavu. Ikishalowa hushika maji na kukaa imegandia ngozini, hivyo beba shati la kubadilisha. Kitambaa chepesi cha michezo hukauka haraka, mradi kisikubane.

Muone daktari ikiwa vipele vina usaha, vina maumivu au vimeambatana na homa, au ikiwa wiki mbili za kujitunza hazijaleta nafuu. Nenda na picha zako na kila krimu uliyopaka. Ikiwa anashuku fangasi anaweza kukwangua ngozi kidogo ili ipimwe, na krimu uliyoipaka karibuni inaweza kuficha majibu. Mtajie siku uliyopaka mara ya mwisho.