Kwa nini kodi kwenye risiti yangu hailingani na hesabu yangu?

SWALI: Naishi St Paul, Minnesota, na kazi yangu iko Minneapolis. Juzi nikitoka kazini nilinunua vitu hukohuko Minneapolis: blenda dola 49.99, sweta ya mwanangu 35.00, unga wa mahindi 12.49, mchele 21.99, sabuni ya kufulia 13.49, soda 8.99 na pipi 3.79. Jumla 145.74. Niliambiwa kodi ya mauzo ya Minnesota ni asilimia 6.875, nikapiga hesabu nikapata dola 10.02. Risiti inasema 6.88. Wiki iliyofuata nikamnunulia dada yangu blenda ileile, bei ileile, lakini St Paul. Kodi ikawa 4.94, wakati kwa hesabu yangu ilipaswa kuwa 3.44. Nani anakosea? Na mama yangu anakuja kututembelea kutoka Mombasa: akinunua vitu vya kurudi navyo, atarejeshewa kodi uwanja wa ndege?

JIBU: Dada, hakuna aliyekosea katika maduka hayo mawili. Hata wewe umezidisha sawasawa. Shida ni kwamba umeanza na hatua ya mwisho.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea VAT. Kenya kiwango cha kawaida ni asilimia 16, Tanzania bara 18, na kodi hiyo imeshaingia ndani ya bei. Ukiona shilingi 500 kwenye rafu, unatoa shilingi 500. Marekani, serikali ya taifa haitozi kodi ya mauzo kabisa. Hiyo ni kazi ya majimbo: 45 yanatoza, pamoja na jiji la Washington, na katika mengi ya majimbo hayo kaunti na miji huongeza chao juu yake. Bei ya kwenye rafu haina kodi ndani yake. Kodi inaongezwa kwa keshia. Nilipofika nchi hii nilihesabu pesa ya sufuria mpaka senti ya mwisho, nikafika kwa keshia nikapungukiwa, nikairudisha sufuria. Kwa hiyo naelewa vizuri unavyojisikia ukiitazama risiti.

Kabla ya kugusa kikokotoo, jiulize kama kila kitu ulichobeba kinatozwa kodi. Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo za kawaida na viatu, wala kwenye chakula cha kwenda kupika nyumbani. Kwa hiyo sweta, unga na mchele vinatoka kwenye hesabu yako moja kwa moja. Vinabaki blenda, sabuni, soda na pipi: 49.99 na 13.49 na 8.99 na 3.79, jumla dola 76.26. Hiyo ndiyo namba ya kuzidisha, na siyo 145.74.

Hapa kwenye chakula ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Soda inatozwa, maji ya chupa yasiyotiwa utamu hayatozwi. Kuku mbichi hatozwi. Kuku huyohuyo akiuzwa wa moto, ameshaokwa, anatozwa, maana sasa ni chakula kilichoandaliwa. Pipi zinatozwa, lakini sheria ina maana yake yenyewe ya neno pipi. Minnesota imo katika makubaliano ya majimbo zaidi ya 20 yanayotumia maana moja kwa maneno kama haya, na kwa maana hiyo kitu kitamu chenye unga ndani yake si pipi, ni chakula. Ndiyo maana chokoleti tupu inatozwa, na Kit Kat, ambayo ina biskuti ya unga wa ngano, haitozwi. Ukisoma orodha ya viambato nyuma ya karatasi utaona mwenyewe. Maduka mengi pia huchapa herufi kando ya kila kitu kilichotozwa kodi, mara nyingi T. Itafute kwenye risiti yako kabla ya kumlaumu mtu.

Sasa kiwango. Asilimia 6.875 uliyoambiwa ni ya jimbo peke yake. Ndani yake mna 6.5, na juu yake 0.375 ambayo wananchi wa Minnesota waliipigia kura mwaka 2008 na ikaanza kutozwa Julai 2009, kwa ajili ya maji safi, mazingira, mbuga na sanaa. Ukinunua kitu Minneapolis, juu ya kodi ya jimbo kunapandana kodi nyingine. Kaunti ya Hennepin ina mbili: 0.15 ya uwanja wa besiboli na 0.5 ya usafiri. Jiji lenyewe lina 0.5. Tangu Oktoba 2023 eneo zima la miji hii pacha lina 0.75 ya usafiri na 0.25 ya makazi. Ukijumlisha na 6.875 unapata asilimia 9.025. Zidisha sasa: 76.26 mara 0.09025 ni 6.882. Risiti yako ilisema 6.88. Ukiweka juu ya 145.74, ulilipa dola 152.62.

St Paul iko kaunti ya Ramsey. Kaunti hiyo haina ile 0.15 ya uwanja, ina 0.5 ya usafiri. Zile mbili za eneo zima, 0.75 na 0.25, zipo palepale. Jiji la St Paul lilikuwa na 0.5 yake, na Aprili 2024 likaongeza asilimia 1 nzima, baada ya wapiga kura kuikubali, kwa ajili ya barabara na bustani. Jumla ni asilimia 9.875. Blenda ya 49.99 mara 0.09875 ni 4.9365. Sheria inasema hesabu ifike tarakimu ya tatu baada ya nukta: ikiwa 5 au zaidi unapandisha senti moja, ikiwa 4 au chini unaiacha. Tarakimu ya tatu hapa ni 6, kwa hiyo 4.94. Minneapolis blenda hiyo ilibeba kodi ya dola 4.51. Tofauti yote ni senti 43, na si pesa ya kumfanya mtu avuke mto Mississippi. Kwenye friji au televisheni tofauti inaanza kuonekana.

Ukiagiza mtandaoni, kinachohesabiwa ni mahali mzigo unapopokelewa. Duka linaweza kuwa Minneapolis, lakini wakikuletea mlangoni kwako St Paul, kiwango ni 9.875. Ukienda kuuchukua mwenyewe dukani, ni kiwango cha duka lilipo. Zamani muuzaji asiyekuwa na duka wala ghala ndani ya jimbo hangeweza kulazimishwa kukusanya kodi yake. Mahakama Kuu ya Marekani ilibadilisha hilo Juni 2018, katika kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair. Na kumbuka kwamba Minnesota hutoza kodi hata kwenye gharama ya usafirishaji, iwapo kitu kinachosafirishwa kinatozwa.

Punguzo nalo lina mambo yake. Duka likikupunguzia dola 10 kwenye blenda, kodi inahesabiwa kwenye 39.99, na St Paul itakuwa 3.95. Lakini ukitumia kuponi ya kiwanda kilichotengeneza blenda, duka litarudishiwa zile dola 10 na kiwanda, kwa hiyo machoni pa sheria limepokea bei kamili. Kodi inabaki 4.94 ingawa mfukoni umetoa kidogo. Watu hugombana sana na keshia kwa jambo hili, na keshia hana kosa.

Ukiwa na noti ya dola 100 tu na unataka kujua bei ya juu kabisa unayoweza kuimudu, usitoe asilimia 9.025 kwenye 100. Gawanya 100 kwa 1.09025. Unapata 91.72. Ongeza kodi yake, 8.28, inafika 100 kamili.

Usitegemee nambari tano za posta pekee kutafuta kiwango, kwa sababu eneo moja la posta linaweza kuvuka mpaka wa jiji. Idara ya Mapato ya Minnesota ina kikokotoo kwenye tovuti yake: weka anwani kamili na tarehe ya ununuzi. Tarehe ni muhimu, maana viwango vya miji hubadilika, na mara nyingi huanza mwanzoni mwa robo ya mwaka, kama ulivyoona kwa Aprili na Oktoba hapo juu.

Kuhusu mama: hapana, hatarejeshewa. Anayekwenda Ulaya hurudishiwa VAT kwa sababu ni kodi ya nchi nzima na ina utaratibu wake mpakani. Hapa kodi ni ya jimbo na jiji, na Minnesota haina mpango wa kuwarudishia wageni. Kwa upande wake, jimbo ulilopo linamfaa mno mtu anayenunua zawadi za nguo. Viatu, makoti, magauni na sweta za wajukuu atavinunua bila kodi hata senti, kwa bei yoyote. Mkoba wa mkononi, saa na miwani ya jua vinatozwa, na sanduku la kubebea hayo yote pia. La dola 89 hapo St Paul, mwambie aandae 97.79.