Barua kwa mwanangu: nani atasimamia basi la kurudi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza, kwa wageni 90 wa harusi yako wanaotoka mbali, ukodi basi moja kubwa la viti 50 au mawili madogo ya viti 25. Viti ni hesabu, na hesabu unanishinda. Mimi nataka kujua kwanza habari za kurudi: usiku ule, muziki ukishazimwa, nani atasimama mlangoni na orodha mkononi mpaka mgeni wa mwisho apande? Kwenda, kila mtu hujihimu. Kurudi ndiko kwenye kazi.

Ya harusi ya dada yako hujayasahau. Mkataba wa basi uliandikwa "mpaka mwisho wa sherehe", basi, hakuna zaidi. Maharusi walipoaga saa tatu na nusu usiku, dereva akahesabu kuwa sherehe imekwisha, akapakia waliokuwa karibu na mlango, akaondoka na nusu ya viti vitupu. Bibi yako alikuwa bado anaagana na wakwe. Alikaa pale getini kwenye kiti cha plastiki, viatu amevivua na kuvipakata, hadi saa saba kasoro alipopatikana wa kumchukua. Hakunung'unika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Dereva simlaumu sana. Hapana, namlaumu, angeuliza. Lakini karatasi nayo ilimpa mwanya.

Kwa hiyo kwenye mkataba andika saa, usiandike tukio. Basi la kwanza la kurudi liondoke saa tatu usiku, chakula kikishaliwa, kwa ajili ya wazee na wenye watoto wadogo. La mwisho saa sita na nusu. Muda ukizidi unalipwaje? Mafuta ni ya nani? Dereva anakula wapi? Yote yaandikwe. Na aliyeshika usukani tangu alfajiri usimkabidhi wazee wetu usiku wa manane. Dai dereva wa pili. Namba za madereva wawe nazo watu wawili, na wewe usiwe mmojawapo, wala mwenzio. Bibi harusi hapokei simu za dereva.

Sasa hilo swali lako. Safari ya dakika 25 kati ya hoteli na ukumbi haiishi kwa dakika 25. Kupakia watu 50 waliovaa nguo za harusi ni robo saa, kuwashusha dakika 10, na gari kurudi tupu ni 25 nyingine: jumla saa moja na robo. Viti ni 50 kwa vyovyote, kwa hiyo kwa watu 90 utapiga safari mbili, liwe moja kubwa au yawe mawili madogo, na wa kwanza watawasubiri wa pili zaidi ya saa nzima. Madogo yana hili: moja likiharibika, jingine lipo, na usiku moja linaweza kuondoka na wazee huku la pili likibaki. Lakini ni madereva wawili, mikataba miwili, na njia panda yoyote inatosha kumpoteza mmoja. Kubwa nalo lina dereva mmoja wa kumfuatilia, ila nenda mwenyewe ukaone geti la ukumbi. Linataka mahali pa kugeuzia, na tawi la mti lililoinama likilizuia, wazee watashukia barabarani watembee. Moyo wangu uko upande mmoja na unaujua, lakini sisemi. Atakayesaini ni wewe.

Kuhusu vyumba, iulize hoteli itakushikilia mpaka tarehe gani kabla haijavitoa kwa wengine, na wageni wakujibu wiki moja kabla ya hapo. Funguo nyingi hutolewa saa nane mchana, na ndoa yenu ni saa saba. Wanaofika asubuhi wataoga na kubadilisha nguo wapi? Lipia vyumba viwili tangu usiku wa kuamkia siku yenyewe, kimoja cha wanaume, kimoja cha wanawake. Na ukiambiwa "chumba cha watu wawili", uliza kama ni vitanda viwili au kimoja kikubwa. Wajomba zako unawajua. Hata vitanda viwili kwao havitoshi, watenganishe vyumba.

Kwenye orodha, mbele ya kila jina weka simu, idadi ya watoto, anafika saa ngapi na kwa usafiri gani, analala wapi, anarudi na basi la saa ngapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha wazi. Shangazi yako na magoti yake mpe chumba cha chini, kisha muandike basi la saa tatu. Atakwambia anabaki mpaka mwisho. Mwekee kiti kwenye yote mawili.

Mama yako