Redio ikiuzwa, uliza kilichouzwa ni nini

Wiki iliyopita alinipigia dogo mmoja wa Iyunga, mtangazaji mwenye miaka mitatu kituoni. Tajiri mpya kawaita wote ukumbini, kawanywesha soda, kawaambia hakuna kitakachobadilika. "Kaka, nimwamini au nianze kusaka kazi?" Nilicheka. Soda hiyo nimeinywa kwenye kituo kimoja hapa Mbeya, chini ya wamiliki watatu, na kila mara ilikuwa ya baridi na hotuba ilikuwa ileile.

Nilimwambia aachane na hotuba, aangalie ratiba ya vipindi. Mmiliki mpya akigusa vipindi vya alfajiri, ujue kaanza kazi.

Mmiliki wetu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa hapahapa. Saa 11 alfajiri nilisoma bei: gunia la viazi Uyole, mchele wa Usangu, ndizi zinazoshuka kutoka Tukuyu. Bei nilizipata kwa kuwapigia madalali usiku, kwa vocha yangu. Saa 1 asubuhi na saa 7 mchana tulisoma matangazo ya vifo. Mtu wa jijini hawezi kuelewa uzito wa kitu hicho. Familia ina watu Chunya, Kyela na Mbozi, mazishi ni kesho saa 8, na wazee wengine simu zao zimeisha chaji tangu juzi. Walikuja getini na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, wakalipa taslimu papo hapo, na kwa fedha hiyo tulinunua umeme wa luku. Sisemi mzee yule alikuwa malaika. Mshahara ulikuja kwenye bahasha, ukichelewa ulichelewa kweli, na siku nilipokwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuangalia michango yangu nilikuta miezi mingi ni mitupu.

Wa pili alitoka Dar es Salaam. Akaleta jenereta, mikrofoni nzuri, na mshahara ukaanza kuingia benki tarehe ileile kila mwezi. Nampa haki yake. Ila alitaka redio ya vijana: Bongo Fleva kutwa, umbea wa mastaa, na sisi tuongee kama tumekulia Sinza. Vifo vikafutwa kwa sababu "vinaharibu mudi". Bei za mazao zikasogezwa saa 3 asubuhi, wakati mzigo umeshauzwa na lori limeshafika Igawa.

Mama mmoja muuza viazi Mwanjelwa aliniambia: "Mwanangu, siku hizi mnatuchekesha tu. Aliyefariki tunamsikia wapi?" Ndani ya miezi michache redio za sokoni zote zilikuwa kwenye kituo kingine. Maduka ya pembejeo yakafuata, kwa kuwa mteja wao ni yule mama na mumewe. Yakabaki matangazo ya makampuni makubwa, ambayo hupitia kwa mawakala wa Dar es Salaam na hulipwa baada ya miezi. Dada wa uhasibu akawa anashika kichwa.

Kwa hiyo kama wewe ni mtangazaji na umeletewa mtindo mpya, usibishane kwa hisia. Nenda kwa meneja na daftari: kipindi hiki kina wadhamini hawa, wanalipa kiasi hiki, wanalipa lini. Mimi nilibishana kwa kusema "wasikilizaji wanatupenda". Tajiri hanunui mapenzi.

Wa tatu ndiye aliyenifundisha kwa fimbo. Tulianza kujiunga na matangazo kutoka Dar es Salaam saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, kompyuta ikipiga muziki yenyewe usiku kucha. Ili kubana umeme, nguvu ya mtambo ilipunguzwa. FM husafiri kama macho yanavyoona. Mlima ukikaa mbele, imekwisha. Tukiwa na nguvu kamili Tukuyu walitupata kwa kukwaruza, Rungwe na safu ya Uporoto zikiwa katikati. Baada ya hapo hawakutupata kabisa. Nikaendelea kusalimia watu wa Tukuyu kwa wiki mbili kabla fundi mitambo hajanionea huruma akaniambia.

Lakini hilo halikuniuma kama saini yangu. Siku ileile ya soda tuligawiwa mikataba mipya, tukaambiwa ni utaratibu tu. Nilisaini nimeegemea boneti ya gari. Sikuona kwamba jina la mwajiri lilikuwa la kampuni nyingine, na tarehe ya kuanza kazi ilikuwa ya siku ile. Nilikuwa na miaka saba kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa saini ile kazi ya zamani ilihesabika imekwisha, na siku zangu 49 ziliishia pale kwenye boneti. Nilipozinduka na kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nilikuwa nimechelewa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike kwao ndani ya siku 30.

Ndiyo maana nilimuuliza dogo: kimeuzwa nini? Kama tajiri kanunua hisa, kampuni ni ileile, mkataba wako unaendelea na miaka yako ipo, hata kama sura ofisini ni mpya. Kama kanunua mitambo, mnara na jina tu, mwajiri wako wa zamani bado anadaiwa na wewe, na ndiye wa kumbana kabla hajafunga ofisi. Jibu halipo kwenye soda. Lipa ada BRELA, wanaosajili makampuni, utafute taarifa za kampuni mtandaoni, uone wanahisa na wakurugenzi ni nani. Leseni nayo haihamishwi kienyeji, lazima TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waridhie, na ofisi ya kanda wanayo hapahapa Mbeya.

Kabla ya mkataba mpya, toa kopi ya ule wa zamani, hati za mshahara na taarifa ya NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10. Ukiona umekatwa na fedha hazikufika, dai hilo liandikwe lingali na mtu wa kudaiwa. Omba siku mbili za kusoma mkataba. Wakikataa siku mbili, umeshapata jibu lako.

Dogo alinipigia tena jana. Mikataba imegawiwa, kaomba kwenda nayo nyumbani, HR kanuna. Jina la mwajiri ni jipya. Leo asubuhi tumekubaliana tukutane Kabwe, aje na bahasha yake yote.