Sumu ya buibui: inayomuua au anayoitoa?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Natafsiri taarifa za sayansi kwa redio moja hapa Nairobi. Juzi niliandika, "Watafiti wachunguza sumu ya nge na buibui." Mhariri akasema wasikilizaji watadhani ni dawa ya kuwaua, kama ile sumu ya panya. Akataka niseme "toksini" kila mahali. Je, yuko sawa? Tena, nge huuma au hudunga? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Sijambo. Mhariri wako ameuona ugonjwa, ila dawa aliyokuandikia siyo.

Pita Muthurwa usikilize vipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Hakuna anayedhani mende ndiye anayetibiwa. A-unganifu, yaani hiyo "ya" ya "sumu ya panya", haisemi nani anatoa na nani anapatwa. Hilo tunalijua kwa mazoea. Panya hana sumu, kwa hiyo sumu ya panya ni ya kumuua. Nyoka anayo, basi sumu ya nyoka ni yake mwenyewe. Buibui ndiye mwenye utata, kwa sababu ana sumu yake na sisi tuna ya kumpulizia. Na watafiti wamezidi kutuchanganya: Marekani kunauzwa dawa ya kuua wadudu waharibifu iliyotokana na sumu ya buibui wa Australia. Hiyo ni sumu ya wadudu itokanayo na sumu ya buibui. Kama kitendawili, lakini sentensi ni safi, na kinachoiokoa ni neno "itokanayo".

Basi fanya hivyo hivyo. Mara ya kwanza sema "sumu inayotolewa na nge". Ukishaweka msingi huo, "sumu ya nge" haitampoteza mtu.

"Toksini" iwekee kazi nyingine. Tone la sumu ya nge ni mchanganyiko wa chumvi, peptidi (yaani protini fupifupi) na protini, na toksini ni molekuli mojamoja ya kudhuru iliyomo ndani yake. Klorotoksini, iliyoelezwa mwaka 1993 kutoka kwa nge wa jangwani aitwaye Leiurus quinquestriatus, ni mnyororo wa asidi amino 36 tu. Watafiti wa saratani ya ubongo wanaifuatilia kwa kuwa hunata kwenye seli za uvimbe wa glioma. Ukiliita tone zima "toksini", umeuita mchuzi binzari.

Kuna nge wa kusini mwa Afrika, Parabuthus transvaalicus, ambaye mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba akichokozwa hutoa kwanza maji maangavu yenye chumvi nyingi ya potasiamu, yenye kuumiza vikali. Akiendelea kusumbuliwa ndipo hutoa sumu nzito kama maziwa, iliyojaa protini, ambayo humgharimu zaidi kuitengeneza. Yale maji ya kwanza, ambayo Kiingereza huyaita "prevenom", ningeyaita "sumu tangulizi". "Sumu ya zamani" hapana, hata ukibanwa na muda.

Kuhusu kitenzi, "kuuma" ni punda wetu wa kazi: mbwa huuma, nyuki huuma, hata jino huuma. Kwa hiyo "nge huuma" si kosa. Methali nayo husema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sijasikia mtu akiisahihisha. Mimi katika taarifa ya sayansi ningesema nge hudunga, kwa mwiba wa mkiani, na buibui huuma, kwa chonge za mdomoni. Ila kumbuka sisi Kenya hudungwa sindano, wenzetu wa Dar es Salaam huchomwa. Taarifa ikivuka Namanga, "kuuma" itafika salama.

Angalia pia upatanisho. Buibui huyu ana miguu minane. Buibui hili limening'inizwa dukani Eastleigh.

Kichwa chako kiwe: "Watafiti wachunguza sumu inayotolewa na nge na buibui." Mhariri akilalamikia urefu, apunguze kwingine.