Namwaga wali, wanakuja kunguru tu

SWALI: Shikamoo bibi. Nimehamia Kigamboni, huu mwezi wa tatu. Uwanja wangu ni mdogo, una mpapai mmoja na ua wa michongoma. Alfajiri nasikia ndege wakilia kwa jirani, kwangu hawatui. Nimeanza kumwaga kiporo cha wali na makombo ya mkate kila asubuhi, lakini wanaokuja ni kunguru, tena kwa makundi, na wameshaninyakulia vifaranga viwili. Nifanyeje niwapate chozi na wale wadogo wa manjano? Ninunue chakula gani?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kesho asubuhi usimwage kitu. Huo wali ndio unaowaita. Kunguru hao wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa pwani yetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka, na leo wameijaza Dar es Salaam. Wanakula mayai na makinda ya wenzao, ndiyo maana ndege wadogo wanauogopa uwanja wako. Acha makombo, na pipa la taka lifunike. Hawataisha, maana mtaani jalala halikosekani, lakini kwako watapungua.

Halafu anza na maji, chakula baadaye. Mimi naishi Tanga, na aliyenifundisha ni kigae cha mtungi uliovunjika. Nilikisahau chini ya mwembe, mvua ikakijaza, na jioni ile shorewanda wawili wakashuka kuoga. Walijitosa, wakajipigapiga mabawa mpaka wakalowa chepechepe, wakapanda tawini kujichambua. Nilikuwa nimekaa kizingitini, sikuthubutu hata kukohoa. Tangu siku hiyo maji hayakosekani kwangu.

Wewe tumia sahani ya udongo ya kuwekea chungu cha maua. Iwe pana, kina kisizidi vidole viwili ulivyovilaza, na katikati weka jiwe la kusimamia. Kila asubuhi mwaga maji, sugua sahani kwa brashi bila sabuni, tia mengine. Usiruke hata siku moja, mwanangu. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengi hupenda hasa vyombo vidogo vya maji safi kama hicho. Kiluwiluwi huhitaji kama wiki nzima awe mbu. Ukimwaga kila siku hafiki.

Mahali pa kuiweka nilikosea mimi, usirudie. Nilisogeza kigae hadi kwenye bogenvilia nikidhani ndege watafurahia kivuli. Paka akajibanza humo. Asubuhi moja nikakuta manyoya tu, na katikati yake yale ya manjano ya chini ya mkia. Nikajua ni shorewanda wangu. Inaniuma mpaka leo. Sahani ikae mita mbili au tatu kutoka kwenye ile michongoma yako: ndege amwone paka mapema, na awe na mahali karibu pa kukimbilia.

Chozi usimnunulie kitu. Mdomo wake uliopinda ni wa kufyonza maua, na maji ya sukari juani yanachacha tu. Omba machipukizi ya shubiri kwa jirani, upande mstari mmoja penye jua. Ila maua peke yake hayatoshi: makinda wake huwalisha wadudu na buibui, na kile kiota chake kinachoning'inia kama kifuko hushikizwa kwa utando wa buibui. Kwa hiyo dawa ya kupulizia wadudu iweke kando, na utando ulio nje ya nyumba usiufagie wote.

Hao wa manjano huenda ni mnana au chiriku. Wote wanakula mbegu. Nunua uwele au mtama sokoni, robo kilo kwa kuanzia, uweke konzi moja juu ya kibao kilichoinuliwa. Jioni fagia yaliyobaki, panya wasizoee. Karanga ukitaka kuwapa ziwe hazina chumvi wala ukungu. Sumukuvu inadhuru ndege kama inavyotudhuru sisi. Tena acha matuta mawili ya mchicha yakomae mpaka yatoe mbegu. Mimi hiyo naipenda kuliko kibao, kwa sababu chiriku wananing'inia kwenye mashuke yenyewe na kuchambua kidogo kidogo.

Na papai moja la juu kabisa usiliangue. Likiiva, shorewanda na kuzumburu watalimaliza wenyewe.

Vifaranga waliobaki wafunike kwa tenga mpaka wakue, kunguru wasiwafikie.