Nahodha ameacha kuweka akiba na simu zangu hapokei

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mshauri wa mipango ya fedha hapa Lamu mjini, na kazi bado changa kwangu. Nina mteja, nahodha wa mashua ya watalii. Tulikubaliana aweke shilingi 5,000 kila mwezi kwenye mfuko wa soko la fedha. Disemba hadi Machi hakukosa. Aprili aliweka nusu, Mei akaacha, na sasa hapokei simu. Nimekosea wapi, na nitamrudishaje?

JIBU: Marahaba. Hebu itazame hiyo miezi uliyonitajia. Disemba hadi Machi ni msimu wa upepo wa kaskazi, wageni wamejaa kijijini Shela. Aprili msimu wa upepo wa kusi umeshaingia na mvua zake, wageni wameondoka, na mashua imepandishwa pwani inakalafatiwa, yaani inazibwa nyufa kwa pamba na mafuta. Badala ya kuleta pesa, inazila. Mpango uliomwandikia unamfaa mwalimu wa shule anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Nadhani mzee wa watu anakuonea haya tu.

Uandike upya. 5,000 kwa miezi 12 ni 60,000. Zipate hizo hizo kwa 15,000 mara nne, Disemba hadi Machi, kisha asidaiwe kitu. Ukiona 15,000 inamlemea hata kaskazi, basi lengo lenyewe lilikuwa kubwa, lipunguze. Na iandikwe kabisa kwamba Mei atatoa mfukoni humo kiasi fulani cha kununulia pamba, mafuta na kulipa ujira wa fundi. Siku akitoa, ajue anafuata mpango. Wateja wengi hutoroka kwa kuwa wametoa pesa na wanaona wamekuvunjia ahadi.

Kuna jambo la pili, nalo hulisemi popote katika swali lako: ulimuuliza kuhusu riba? Mfuko wa kawaida wa soko la fedha huweka pesa kwenye hati za hazina na amana za benki, na mapato yake ni riba, ambayo Uislamu umeikataza. Pengine alilijua hilo baada ya sala, kwa mtu mwingine, na wewe hukumwambia. Hapo mteja hagombani nawe, hunyamaza tu. Benki zinazofuata sharia zipo Kenya tangu 2008, na takaful, yaani bima inayofuata sharia, ipo pia. Swali hili liwe la kwanza, kabla hujatoa karatasi yoyote. Asiyejali atakwambia hajali.

Kamisheni yako nayo mtajie mwenyewe, kwa shilingi. Asilimia humpita mtu.

Na tafadhali usimfuate barazani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana kuhusu taarifa za mteja, lakini Lamu kuna kali kuliko sheria: ukimuuliza uwanjani Mkunguni "vipi ile akiba?", kufikia magharibi mtaa mzima wa Langoni unajua kapteni ana pesa, au hana. Mkikutana, msalimie, muulize watoto, pita.

Sasa mtumie ujumbe, usipige simu: "Asalamu alaikum kapteni. Najua ni kusi. Ule mpango nimeupanga upya kufuata msimu, hudaiwi kitu sasa. Na kama kuna jambo la riba linakukera, niambie, tutatafuta pengine pa kuweka." Asipojibu, mwache hadi Novemba, mashua ikishashushwa majini. Wateja wako wengine wanaotegemea msimu waandikie wiki hii, kabla hawajafika alipofika yeye.