Mwanafunzi, jiandikishe pale utakapolala usiku wa kuamkia uchaguzi

Makarani wa IEBC, yaani Tume ya uchaguzi ya Kenya, wakiweka meza langoni mwa chuo, foleni huwa ndefu kabla ya saa nne asubuhi. Komredi, yaani mwanafunzi wa chuo, anatoa kitambulisho, anaweka vidole kwenye mashine, anapigwa picha, anarudi darasani akiwa mpiga kura. Kosa litakalomnyima kura mara nyingi limeshatendeka hapo mezani, na hatalijua mpaka Agosti: amejiandikisha mahali alipo leo bila kujiuliza atakuwa wapi siku ya kura.

Katiba ya Kenya imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Sasa fungua kalenda ya chuo chako. Vyuo vikuu vingi huanza mwaka wa masomo Septemba, kwa hiyo Agosti wengi huwa likizo ndefu au atachimenti (mafunzo ya kazini) katika kaunti nyingine kabisa, na hosteli za chuo zimefungwa. Aliyejiandikisha shule ya msingi iliyo karibu na chuo Njoro, na kwao ni Kwale, ana safari ya kuvuka nusu ya nchi katika wiki ambayo mabasi hujaa na nauli hupanda. Kenya haina kura ya posta wala kura ya mapema. Huwezi kuingia kituo cha jirani na kuomba angalau karatasi ya rais. Jina lako liko kituo kimoja, na kura yako iko hapo hapo.

Basi swali la kwanza, kabla ya kutoa kitambulisho mfukoni, ni hili: usiku wa tarehe 9 Agosti utalala wapi? Anayekaa hosteli ya chuo na kurudi kwa wazazi kila likizo, sisi tunamshauri ajiandikishe nyumbani. Aliyepanga chumba mwaka mzima Juja, Kesses au Kilifi, analipia maji na stima pale, na ana uhakika hatakuwa amemaliza masomo kufikia 2027, huyo ana kila sababu ya kupiga kura pale anapoishi. Unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Ya rais ni ile ile popote ulipo. Tano zilizobaki zinategemea mahali, na ile ya mwakilishi wadi ndiyo inayogusa barabara ya vumbi mnayopita kutoka hosteli, taa za njiani na soko mnalonunulia sukuma wiki. Wadi yenye wapangaji wengi wanafunzi ambao wote wameandikishwa makwao huchaguliwa viongozi na wengine.

Kuhusu stakabadhi, zinazokubaliwa ni mbili tu: kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya, tena halisi. Kadi ya chuo haitumiki, wala cheti cha kuzaliwa, wala nakala, wala ile karatasi ya kusubiri kitambulisho. Kama umefika miaka 18 na hujaomba kitambulisho, anzia hapo leo, maana ndicho kinachochelewesha wengi kuliko jambo jingine lolote. Ukiwa na vyote viwili, andikishwa kwa kitambulisho. Siku ya kura utatakiwa kuja na stakabadhi ile ile uliyojiandikishia. Ukipata pasipoti mpya namba hubadilika, na mashine haitakupata kwa namba usiyoandikishwa nayo. Kitambulisho kikipotea ukapewa kingine, namba hubaki ile ile.

Unaweza kujiandikisha katika ofisi ya Tume ya eneo bunge, na ziko 290 nchini, au kwa makarani wanaozunguka vyuoni wakati wa kampeni za usajili. Hapo mezani mtajie karani mambo matatu kwa mdomo wako: kaunti, eneo bunge, na jina kamili la kituo unachotaka pamoja na wadi yake. Usiseme tu "Township Primary", kwa kuwa shule za jina hilo ziko tele. Kama mashine yake haiwezi kukuandikisha katika kituo cha mbali unachokitaka, usikubali chochote kilicho karibu ili kumaliza shughuli. Ondoka, nenda ofisi ya eneo bunge la kwenu ukiwa likizo ya Desemba.

Osha mikono kabla ya kuweka vidole. Mafuta, jasho, wino wa kalamu na vumbi la chaki huifanya mashine isome alama nusunusu, na alama mbovu leo ni usumbufu siku ya kura. Pwani kuna hili pia: hina iliyokolea kwenye ncha za vidole huweza kuipa mashine kazi, kwa hiyo kama kuna harusi wiki hii, tangulia kujiandikisha ndipo upakwe. Kisha omba kuona skrini kabla karani hajahifadhi. Soma jina herufi kwa herufi, linganisha namba ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, angalia mwaka wa kuzaliwa na jina la kituo. Achieng aliyeandikwa Acheing huonekana jambo dogo, lakini kurekebisha baadaye ni safari nyingine ya ofisini. Utapewa karatasi ndogo ya kuthibitisha. Ipige picha uihifadhi. Haihitajiki kupigia kura, ila inakukumbusha jina sahihi la kituo miezi mingi baadaye.

Kama tayari umeandikishwa mahali pasipokufaa, usijiandikishe upya. Hili tunalisisitiza kwa sababu wanafunzi wengi hudhani usajili mpya hufuta wa zamani. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Kinachotakiwa ni uhamisho, na unauomba mwenyewe, ana kwa ana, katika ofisi ya eneo bunge unakohamia, ukiwa na kitambulisho halisi. Sheria ya uchaguzi inataka ombi la uhamisho lifike angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 2027, hiyo ni karibu tarehe 12 Mei. Usajili wa wapya nao hauruhusiwi ndani ya siku 60 za mwisho, yaani kuanzia karibu tarehe 11 Juni. Usingojee tarehe hizo, kwani Tume huweza kusimamisha shughuli mapema zaidi ili kuandaa sajili. Aprili na Mei ni miezi ya mitihani, na hapo ndipo wengi hupitiwa.

Baada ya kujiandikisha, hakiki. Mwaka 2022 mtu alituma namba ya kitambulisho, alama ya # na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000, akajibiwa jina la kituo chake. Kabla ya uchaguzi mkuu sajili hufunguliwa siku 30 ili watu wahakiki alama za vidole vituoni. Nenda ukaweke kidole. Ukikuta jina halipo wakati huo, bado kuna pa kulalamika. Ukikuta halipo saa kumi na mbili alfajiri ya siku ya kura, karani hana la kukusaidia.

Kitambulisho kitunze kama ufunguo wa chumba. Wapo wanaokiacha rehani kwa mkopeshaji, dukani kwa deni la unga, au kwa mlinzi wa lango wakasahau. Wapo pia mawakala wa wanasiasa wanaozunguka hosteli wakitaka "kukishika" kwa pesa kidogo. Hiyo ni biashara ya kukunyima kura, na ni kosa kisheria.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 kisheria, kwa hiyo shule kubwa hugawanywa mikondo, kila mmoja na chumba chake na foleni yake kwa alfabeti ya majina. Watu hupanga foleni ya kwanza waliyoiona, wakasimama saa tatu, kisha wakaambiwa wao si wa mlango huo. Soma orodha iliyobandikwa langoni, au mwombe karani aliye nje akutafutie mkondo wako kabla hujasimama popote.

Ndani, kidole huwekwa kwenye mashine ya KIEMS, ile ya kumtambua mpiga kura, na picha yako hutokea. Mashine ikikataa kidole, usiondoke. Jaribu vidole vingine, na vikikataa vyote, jina lako linaweza kutafutwa kwa namba ya kitambulisho. Ukipewa karatasi, zigeuze uone kama kila moja ina mhuri wa Tume. Weka alama moja ndani ya kisanduku kilicho mbele ya mgombea wako. Usiandike jina lako, usiweke saini, usipige picha. Ukikosea, usiitumbukize karatasi hiyo. Irudishe kwa msimamizi upewe nyingine. Kunja kila moja peke yake, kisha uangalie rangi, kwani kila karatasi ina sanduku lenye kifuniko cha rangi yake.

Wenzetu wanaosoma ng'ambo wana utaratibu wao. Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12, zikiwemo Uganda, Tanzania na Rwanda, ila wao hupewa karatasi ya rais pekee.

Na kama basi limechelewa ukafika kituoni saa kumi na moja kasorobo, kimbia ukasimame kwenye foleni. Aliyekuwa kwenye foleni saa kumi na moja ilipogonga ana haki ya kupiga kura hata zamu yake ikifika saa mbili usiku.